Buluu Isiyo na Tarehe: Uhakiki wa Fani ya Ramani za Maji, Kutoka Myamba

Wahakiki wetu wamezoea kulipima andiko kwa mambo mawili: maudhui, yaani linalosemwa, na fani, yaani namna linavyosemwa. Ramani haijapata bahati hiyo. Husomwa kwa maudhui peke yake. Mtu huifungua kutafuta kijiji, mto au njia, na akishapata alichokitafuta huikunja. Hata darasani, mwanafunzi hupewa kipande cha ramani ya 1:50,000 akaulizwa urefu wa barabara na uelekeo wa mto. Haulizwi kwa nini mto huu umechorwa kwa mstari mzima na kijito cha jirani yake kwa mstari uliokatikakatika, wala kwa nini kinamasi kimepewa vishungi vya majani na kunyimwa ukingo.

Makala haya yanaisoma ramani kwa fani yake, na yamechagua ramani za maji kwa sababu maji ndiyo yanayoitia fani hiyo majaribuni. Mlima haupungui kiangazi. Shule haihami masika. Lakini ziwa hufurika na kurudi nyuma, kinamasi hujaa na kukauka, na bwawa dogo la wakulima hufungwa jioni likafunguliwa alfajiri. Mchoraji ana karatasi iliyotulia na kitu kisichotulia. Namna anavyoamua ugomvi huo ndiyo fani yake, na ndiyo tutakayoihukumu.

Pa kusomea ni Myamba, kata ya Wilaya ya Same iliyoko juu ya milima ya Pare Kusini. Wakulima wa huku wanajulikana kwa tangawizi, zao linalopenda unyevu, na kiwanda cha ushirika cha Mamba Miamba kimelipeleka jina la eneo hili mbali. Chini yao limetandaa bonde la mto Mkomazi: Ndungu na mpunga wake unaonyweshwa kwa maji ya mto Yongoma, Maore, Kihurio, bwawa la Kalimawe, kisha nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi mpaka Kenya. Juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462. Ukivuka safu kwenda magharibi unaangukia ukame wa Makanya. Ukipanda kaskazini unakuta Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe. Katika mwendo wa siku moja ya gari pana mito, mabwawa, vinamasi, mifereji na ziwa linalogawanywa na nchi mbili. Ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kuuliza ramani inajua nini kuhusu maji.

Mstari

Tuanze na mstari, kwa kuwa ndio unaoamua ziwa linaishia wapi.

Ramani mashuhuri ya kwanza ya maziwa ya Afrika Mashariki ilichorwa na watu ambao hawakuwa wameliona ziwa walilolichora. Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikuwa wamisionari wa Kijerumani waliotumwa na Church Missionary Society. Rebmann alikwishaingia bara mwaka 1848 akaripoti theluji ya Kilimanjaro. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854, akawahoji wafanyabiashara wa misafara waliotoka bara. Ramani yao ilipochapishwa miaka ya 1855 na 1856, katikati ya bara palikuwa na ziwa moja refu ajabu, lililoanzia karibu na ikweta na kushuka mpaka karibu na nyuzi 14 kusini, limejipinda mwilini. Waingereza waliliona wakasema ni konokono asiye na nyumba, na jina hilo likaganda.

Waliohojiwa hawakudanganya. Aliyeondokea Pangani au Tanga alisema huko mbele kuna maji makubwa. Aliyeondokea Bagamoyo akafika Ujiji alisema kuna maji makubwa. Wa Kilwa alisema vivyo hivyo. Walikuwa wakiyaeleza maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, na kila mmoja alijua ufuko mmoja na bandari moja. Mchoraji alipewa ncha tatu za maji. Sasa tazama fani inavyomsukuma: kwenye karatasi, ziwa haliwezi kuwa ncha. Likishaingia lazima lifungwe pande zote, la sivyo linaonekana kama bahari au kama kazi isiyomalizika. Basi akafunga. Mstari uliozunguka zile ncha tatu ulidai kujua zaidi ya shahidi yeyote aliyehojiwa. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta ziwa hilo, walikuwa wanaufuata mstari huo. Mwaka uliofuata walifika Ujiji, kisha Speke peke yake akafika Nyanza, na konokono akakatwa vipande.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Myamba, na umeandikwa kwa maneno. Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi hizi mwaka 1886, na kuthibitisha mwaka 1890, zilieleza mpaka hivi: uanzie mdomo wa mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, ulipite ziwa kwa upande wa mashariki na kuzungukia kaskazini, uvuke mto Lumi, kisha uuzunguke Kilimanjaro. Lisome hilo kama mhakiki. Kutoka Umba hadi Jipe mstari hauna aibu. Umepigwa kwa rula juu ya nyika, haukujali malisho wala visima. Ulipofika kwenye maji ndipo ulipojifunza adabu, ukaanza kuzunguka. Walioandika waliamini kwamba nyika haina umbo, ila ziwa linalo, na kwamba ufuko ni kitu cha kutegemewa kuliko kitu chochote kilichoko kati ya pwani na mlima.

Imani hiyo haikuzingatia Jipe ni ziwa la aina gani. Lina kilomita za mraba 30 hivi, na kina chake hakifiki mita tatu. Linalishwa na Lumi kutoka Kilimanjaro na kutoa maji kwa mto Ruvu. Ziwa lenye kina kifupi namna hiyo likipungua nusu mita tu, ufuko unahama kwa mwendo mrefu. Tena kingo zake zimevamiwa na magugumaji. Kwa mvuvi, ziwa linaishia pale mtumbwi unapokwama kwenye majani. Kwa mfugaji, linaanzia pale kwato za ng'ombe zinapoanza kuzama. Ukingo wa ramani uko mahali fulani kati ya hao wawili, na hakuna hata mmoja wao anayeutumia. Leo mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani ya ziwa lenyewe, na mstari uliowahi kuogopa maji umeishia majini.

Rangi

Karatasi za 1:50,000 ndizo zilizofundisha vizazi vya Watanzania kusoma nchi yao. Asili yake ni idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946, ikichora kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Baadaye kazi ikaendelezwa na idara ya ramani ya Dar es Salaam. Kila karatasi inafunika dakika 15 kwa 15 za digrii. Kontua ni kahawia, msitu ni kijani, maji ni buluu.

Sarufi ya buluu hiyo inastahili sifa. Mto wa mwaka mzima una mstari mzima. Mto wa msimu una mstari uliokatika. Kinamasi kina vishungi vilivyotawanywa bila uzio. Mtu aliyebuni alama hizi alijua kwamba maji hayako sawa, na akaacha nafasi ya mashaka ndani ya mchoro wenyewe. Mstari uliokatika ni namna ya kusema "wakati mwingine". Vishungi bila ukingo ni namna ya kusema "hapa kuna maji, ila usiniulize yanaishia wapi". Ukilinganisha na yule konokono, hii ni hatua kubwa ya uungwana.

Lakini "wakati mwingine" ni lini? Hapo karatasi inanyamaza. Ndege ya kupiga picha huhitaji anga jeupe, na milima ya Pare wakati wa masika hujifunika mawingu siku baada ya siku. Kwa hiyo picha nyingi za namna hii ni za kiangazi. Mchoraji aliyekaa mezani Uingereza aliona mkondo mkavu, akaona rangi ya udongo na ukijani wa majani, akakisia masika. Kila mstari uliokatika kwenye karatasi hizo ni kisio la mvua lililofanywa na mtu aliyetazama jua. Mara nyingi amekisia vizuri. Lakini msomaji hapewi njia ya kujua ni wapi ameona na ni wapi amekisia, kwa sababu wino ni uleule.

Buluu inayojaa eneo zima, ile ya ziwa na bwawa, ina kasoro nyingine: haina kina. Chini ya Myamba kuna Kalimawe, bwawa la zama za ukoloni, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijaa tope linaloteremka na mito. Maji yenye kina cha mita kadhaa na maji yanayofunika tope kwa kimo cha goti hupakwa rangi moja. Mvuvi anajua tofauti. Mkulima wa mpunga anajua. Ramani inawaambia wote wawili kwamba bwawa lipo.

Nyumba ya Mungu inaonyesha kasoro ya tatu. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1965, na likijaa huenea zaidi ya kilomita za mraba 100. Mitambo yake ni ya megawati 8. Karatasi iliyotangulia mwaka huo haina ziwa hapo. Iliyofuata ina buluu nzito yenye vidole vinavyoingia kwenye mikondo iliyozamishwa. Huko chini kwenye mto Pangani kulikuwa na kinamasi cha Kirua, kilichoishi kwa mafuriko ya kila mwaka. Ukuta ulipoyazuia mafuriko, kinamasi kikapungua. Buluu iliyoongezeka juu ndiyo iliyofuta vishungi chini, lakini fani ya ramani haina alama ya kusema "hiki kimekula kile". Inaonyesha vitu viwili vilivyokaa mbalimbali, kila kimoja na rangi yake, kama vile havijuani.

Na yapo maji yasiyopewa rangi kabisa. Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha mteremko wa Goha, huku huku Mamba Miamba, ikaua zaidi ya watu 20. Maji yaliyoua yalikuwa ndani ya udongo. Kwenye ramani, mteremko wa namna hiyo ni kontua za kahawia zilizobanana. Hauna hata tone la buluu. Aliyetafuta maji kwa kufuata rangi asingetazama hapo.

Kipimo

Wapare wana chombo chao cha kuhifadhi maji, nacho ni ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe, linalopokea maji ya mfereji kutoka mtoni na kuyaweka hadi saa ya kumwagilia. Ndiva zimekuwepo tangu kabla ya wakoloni, nyingi zikiwa chini ya koo. Katika Same zimetapakaa kwenye miteremko, hasa upande wa Makanya ambako mvua haitoshi kukomaza mahindi.

Tuchukue moja iliyochunguzwa vizuri na wataalamu wa maji: ndiva ya Manoo, kijiji cha Bangalala. Baada ya kupanuliwa inachukua maji yapata mita za ujazo 1,600. Tuseme kina chake ni mita mbili. Uso wake basi ni mita za mraba 800 hivi, kama mraba wenye upande usiofika mita 30. Sasa uiweke kwenye karatasi ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja. Upande wa mita 30 unakuwa milimita 0.6. Hiyo ni nukta ya kalamu. Jipe kwenye karatasi hizohizo linachukua sentimita za mraba 120. Bwawa linalolisha mashamba ya familia nyingi linapata nafasi ndogo kuliko herufi moja ya jina la ziwa ambalo kingo zake zimejaa magugu.

Mtetezi wa ramani atasema hilo si kosa la mtu, ni hesabu tu. Si kweli. Ramani hizi hazikufuata hesabu kila mahali. Nyumba ya nyasi yenye upana wa mita nne ingekuwa milimita 0.08 na isingeonekana, lakini imepewa nukta nyeusi iliyokuzwa. Barabara ya vumbi imechorwa pana kuliko ilivyo ili ionekane. Shule, kanisa na zahanati zimewekewa herufi zake. Mchoraji alikuwa na ruhusa ya kukuza chochote alichokiona kuwa muhimu kwa mtawala na kwa msafiri: watu wa kutozwa kodi, njia ya kuwafikia, mahali pa kulala. Akapima maji kwa ukubwa wa uso wake, akaacha kuyapima kwa idadi ya wanaoyategemea. Huo ni uamuzi wa fani, na una mwenyewe.

Saa

Zama hizi watu wengi huamini kwamba setilaiti imemaliza mjadala. Mwaka 2016 Jean-François Pekel na wenzake wa kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, wakishirikiana na Google, walitoa ramani ya maji ya dunia nzima iliyotokana na picha milioni tatu za setilaiti za Landsat, za kuanzia 1984 hadi 2015. Ilionyesha kwamba katika kipindi hicho maji ya kudumu yametoweka kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 90,000, na mengine yamejitokeza penginepo kwenye kilomita za mraba 184,000.

Kifani, hii ni kazi ya kuvulia kofia. Haimalizi habari kwa buluu moja. Kila kipande cha uso wa dunia kinapewa rangi kulingana na mara ngapi kilikutwa na maji: buluu iliyokolea kwa maji ya siku zote, kisha rangi zinafifia kuelekea wekundu kadiri maji yanavyokuwa ya nadra. Kuna rangi ya maji mapya, ya maji yaliyopotea, ya maji ya kudumu yaliyogeuka kuwa ya msimu. Hapa ndipo ukingo wa ziwa ulipogeuka kutoka uzio kuwa mfululizo wa madaraja. Mtu akiyatazama Jipe, Kalimawe na Nyumba ya Mungu kwa fani hii, anaona pumzi yake ya miaka.

Hata hivyo, tuitazame kwa karibu. Kipande kidogo kabisa cha picha ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Ndiva ya Manoo, ikiwa imejaa pomoni, ni ndogo kuliko kipande hicho kimoja, na ni bahati tupu kama itaangukia ndani yake bila kugawanywa na vipande vya jirani. Setilaiti hupita mahali pamoja kila baada ya siku 16, na masika hukuta mawingu. Juu ya miteremko mikali, kivuli cha mlima kinaweza kudhaniwa kuwa maji.

Kisha kuna saa. Landsat hupita juu yetu kwenye saa nne asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi. Imepangwa hivyo ili mwanga ulingane. Ndiva nayo ina saa zake. Katika sehemu za bonde la Makanya, walio juu na walio chini walikubaliana zamani: wa juu wanatumia maji ya mto mchana, wa chini wanayapata usiku. Ndiyo maana ndiva ipo. Inakinga maji gizani, na kunapopambazuka inafunguliwa, maji yanakimbilia kwenye mashamba ya wenye zamu. Saa nne asubuhi, jicho la mbinguni linapofika, kazi imekwishaanza na bwawa linashuka. Ni sawa na kupiga picha ya uwanja wa gulio siku isiyo ya gulio, kisha ukaandika chini yake: uwanja mtupu.

Picha milioni tatu za saa nne asubuhi haziwezi kuona jambo linalotokea usiku. Wingi wa ushahidi hauponyi kosa lililomo kwenye pembe ya kutazamia. Hilo mhakiki wa riwaya analijua zamani: ukimpa msimulizi dirisha moja, hata akisimulia kurasa elfu, atasimulia kinachoonekana dirishani.

Zamu yenyewe ina fani pia, na ni fani ya ramani ingawa haina mchoro. Inataja mahali (shamba la nani), mwelekeo (kutoka mdomo wa mfereji kushuka), wakati (siku na saa) na kiasi (maji ya kujaza ndiva mara moja). Anayeijua zamu ya Bangalala anajua maji yatakuwa wapi Jumanne alfajiri. Hakuna karatasi wala setilaiti inayojibu swali hilo.

Kutoka tundra

Msomaji anaweza kudhani haya ni matatizo ya nchi kavu za tropiki. Si hivyo. Tukiyatoa macho Pare tukayapeleka kwenye tundra ya kaskazini mwa dunia, Alaska na Siberia, tunakuta mchoraji wa ramani anatokwa jasho lilelile katikati ya baridi. Ardhi ya huko chini imeganda mwaka mzima, hivyo maji ya theluji hayana pa kuzama. Yanatuama juu, maelfu kwa maelfu ya maziwa yenye kina kifupi. Kwenye tambarare ya pwani ya Alaska, karibu na Utqiaġvik, mengi ni marefu na yamelala upande mmoja, yakikingama na upepo unaovuma zaidi. Mtu angeapa kwamba yamechorwa kwa rula. Muda wa kuyapiga picha ni wiki chache za kiangazi, kwa sababu kabla na baada ya hapo kuna barafu, na miezi ya katikati ni giza.

Huko nako ukingo haukai. Ardhi iliyoganda ikiyeyuka chini ya ziwa, ziwa linaweza kupata tundu na kutoroka. Mwaka 2005 Laurence Smith na wenzake walilinganisha picha za setilaiti za Siberia za mwaka 1973 na za miaka ya mwisho ya karne hiyo. Maziwa makubwa yalikuwa 10,882, yakabaki 9,712. Na 125 kati yake yalikauka kabisa yakaota majani. Kaskazini zaidi, ambako ardhi bado imeganda bila kuachia, eneo la maziwa liliongezeka. Nguvu ya kazi hiyo haikutoka kwenye picha moja nzuri. Ilitoka kwenye kuweka tarehe mbili kando kwa kando. Fani ilikuwa linganisho, na linganisho ndilo lililosema habari ya joto la dunia ambayo karatasi moja isingeisema.

Lakini ona walichokiita ziwa kubwa: kuanzia hekta 40. Ndiva ya Manoo ingeingia humo mara 500. Watafiti wale walikuwa na sababu nzuri ya kuweka kizingiti hicho, kwani picha za 1973 hazikuwa kali vya kutosha kuaminika kwa vidimbwi. Hata hivyo kizingiti ni sehemu ya fani, na kila kizingiti kina walioachwa nje. Kwenye tundra vimeachwa vidimbwi vya ndege na vya wafugaji wa kulungu. Same zingeachwa ndiva zote.

Hukumu

Tusiionee ramani. Mstari funge umefanya kazi ambayo mashaka yasingeifanya. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoko Moshi, haiwezi kutoa kibali cha kutumia maji bila kuonyesha chanzo kwenye karatasi. Nchi mbili haziwezi kugawana ziwa kwa kuambiana "linaishia pale mtumbwi unapokwama". Ramani ni ushahidi unaobebeka, na mtu wa Myamba akienda kudai chanzo chake ofisini atasikilizwa haraka zaidi akiwa na karatasi mkononi kuliko akiwa na maneno matupu.

Lawama yangu kwake ni moja, nayo inazihusu ramani zote tulizozisoma. Konokono wa 1856 alificha kwamba alikusanywa kwa masikio. Mkataba wa 1886 ulidhani ufuko haupungui. Karatasi ya 1:50,000 ilikiri msimu ikaficha mwezi. Setilaiti imetupa miaka thelathini ikasahau usiku. Kila fani iliyofuata iliongeza kipande cha wakati, na kila moja iliacha nje kipande ambacho watu wa Pare wanakitumia kila siku. Kwa kipimo hicho, ramani ya Pekel ndiyo bora kuliko zote kwa maziwa, na ndiyo dhaifu kuliko zote kwa ndiva. Zamu ya wakulima ndiyo bora kwa ndiva, na haina nguvu yoyote mbele ya ofisi mpaka iandikwe.

Njia ya kuziunganisha ipo, na sheria imeifungua. Vijiji vyetu vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, na kila mpango una ramani inayobandikwa ofisi ya kijiji baada ya kupitishwa na mkutano mkuu. Ramani hiyo ni ya kijiji. Wanakijiji ndio wenye haki ya kuamua fani yake. Iwekwe skeli kubwa kiasi cha ndiva kuonekana. Kando ya kila chemchemi, ndiva na kinamasi paandikwe mwezi wa kujaa na mwezi wa kukauka. Jedwali la zamu lichapwe pembeni, kwenye karatasi ileile, liwe sehemu ya ramani. Miteremko inayovujisha maji masika, kama ile ya Goha, ipewe alama yake hata kama hakuna dimbwi juu yake.

Kwa hiyo, siku mpimaji atakapoikunjua ramani ya kijiji chako mbele ya mkutano mkuu na kuuliza kama kuna mwenye swali, nyosha mkono. Muulize buluu hiyo ni ya mwezi gani na ya saa ngapi. Kama hana jibu, ramani hiyo isipigiwe kura mpaka alipate.